Huo Utelezi Ndani ya Chupa Yako ya Maji

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio moja. Chukua chupa unayotembea nayo, ile uliyoijaza Jumatatu ukawa unaiongezea maji tu kila yanapopungua. Mwaga yaliyobaki, ingiza kidole kadiri kinavyofika, sugua ukuta wa ndani. Ukihisi kama umegusa bamia iliyochemshwa, makala haya yanakuhusu. Usipohisi kitu, fungua mfuniko, chokonoa ule mpira mwembamba wa kuzuia maji yasivuje, utoe, kisha utazame upande uliokuwa umejificha. Nakusubiri.

Nimeanza hivyo kwa sababu ya ujumbe uliotua kwenye kundi la wazazi wa darasa la mwanangu wiki chache zilizopita: chupa za maji za watoto wetu zina bakteria wengi kuliko kiti cha choo. Nani kauandika, haijulikani. Ndani ya saa moja mzazi mmoja alishatupa chupa tatu. Wa pili akasema dawa ni kununua za chuma, kwa kuwa chuma hakishiki uchafu. Wa tatu alipendekeza siki, wa nne Jik, na ilipofika magharibi akatokea wa kushauri vichanganywe vyote viwili "ili nguvu iongezeke." Huyo ilibidi nimpigie simu. Siki ikikutana na Jik, au na dawa yoyote ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, hutoka gesi ya klorini, na gesi hiyo hushambulia mapafu. Katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kumfikisha mtu hospitali.

Tuanze na hiyo kauli ya choo. Inaweza kuwa kweli kwa hesabu na bado ikapotosha. Kiti cha choo ni kikavu na kilaini, na katika nyumba nyingi hupigwa dawa mara kwa mara. Bakteria hawapendi pakavu. Chupa ina kila wanachokitafuta: unyevu, joto la mkoba, giza, na mabaki ya mate. Ukihesabu vichwa tu chupa itashinda, kama Kariakoo inavyolishinda gereza lolote kwa wingi wa watu. Ila swali likiwa ni wapi utakutana na wahalifu wengi, kuhesabu vichwa hakukusaidii. Wengi wa bakteria walio ndani ya chupa yako wametoka kinywani mwako mwenyewe, na mmeishi pamoja miaka yote. Wa kuogopwa ni wale wa kinyesi wanaopandia kwenye mikono isiyonawiwa, wanaoleta kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo. Hao wanaweza kuwa kwenye chupa, wanaweza wasiwe. Idadi ya jumla haikwambii lolote kuhusu hilo.

Lakini hii haina maana kwamba ule utelezi ni wa kupuuzwa.

Bamia ya bakteria

Bakteria mmoja anayeelea ndani ya maji ni kiumbe dhaifu. Ukimwaga maji, umemmwaga naye. Taabu inaanza anapougusa ukuta na kunata. Akishanata huanza kutoa ute, wenzake wakaja kunasa kwenye ute huohuo, wakazaliana humo, na baada ya siku chache kuna tabaka zima lililoshikana na ukuta. Tuliite utando. Ule utelezi uliousikia kwa kidole ndio huo utando, na ndani yake wamo wakazi kwa mamilioni.

Utando huu unaujua siku zote, ila kwa jina jingine. Ukiamka asubuhi ukapitisha ulimi kwenye meno, ule ukoga unaousikia ni kitu kilekile: bakteria waliojijengea nyumba ya ute juu ya kitu kigumu chenye majimaji. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, fundi wa lenzi wa mji wa Delft, aliukwangua ukoga wa meno yake mwaka 1683, akautazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe na kuona vidudu vinaogelea. Akajaribu na siki. Akakuta siki imewaua waliokuwa juu ya ukoga, wale wa ndani hawakuguswa. Zaidi ya miaka 300 baadaye, watu wanaomimina siki kidogo ndani ya chupa, wakatikisa mara mbili na kumwaga, wanarudia jaribio la Leeuwenhoek bila kusoma majibu yake.

Ukoga wa meno hauutoi kwa kusukutua peke yake. Unapiga mswaki. Chupa nayo ni hivyohivyo, na ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, shika hilo: dawa hufanya kazi baada ya kusugua, haiwezi kuchukua nafasi ya kusugua.

"Lakini mimi naweka maji tu"

Hili ndilo neno ninalolisikia kuliko yote. Mtu ataosha kikombe cha chai kila akimaliza, halafu chupa ya maji akaikalia wiki mbili, kwa hoja kwamba maji hayachafui.

Ni kweli maji matupu yana chakula kidogo sana cha bakteria. Lakini huweki maji tu. Kila unapopiga funda, kiasi fulani cha maji hurudi ndani pamoja na mate, na mate yana protini, makombo ya chapati ya asubuhi, na bakteria wenyewe. Mkono unaoufungua mfuniko ulishika pesa, mlango wa daladala, simu. Bakteria akiwa mahali pazuri, penye joto na chakula, anaweza kugawanyika kuwa wawili kwa muda usiozidi nusu saa. Fanya hesabu: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni kuna nusu saa 16, na mmoja akijigawa mara 16 mfululizo anakuwa 65,536. Kwenye maji matupu hawafiki kasi hiyo. Ukiweka juisi ya embe, au uji, au ule unga wa glukosi wa wanamichezo, wanaikaribia. Chai ya maziwa ni mbaya zaidi, kwa kuwa mafuta na protini ya maziwa huganda ukutani na kuwa kapeti la kulalia.

Kuna jambo jingine ambalo watu wachache hulifikiria. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini vizuri hubakiwa na klorini kidogo inayoendelea kulinda njiani; Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapoyapokea. Klorini hiyo ni kama mlinzi wa usiku. Maji uliyoyachemsha hayana mlinzi. Kuchemsha kunaua waliokuwemo wakati huo, na kazi yake imeishia hapo. Klorini nayo imetoroka na mvuke. Kwa hiyo maji safi kabisa ya kuchemsha, yakimiminwa kwenye chupa yenye utando, huchafuka bila kizuizi chochote. Ndiyo maana kuna nyumba ambazo mama anachemsha maji kwa kuni za taabu kila siku, na watoto wanahara vilevile. Maji yalitoka jikoni yakiwa salama. Kilichoyaharibu ni kata, ndoo au chupa.

Ukiona rangi, rangi nayo inasema kitu. Kijani ni mwani, na mwani unahitaji mwanga, kwa hiyo utauona kwenye chupa zinazopenya mwanga, zilizozoea kukaa dirishani au kwenye dashibodi. Madoa meusi ni kuvu, na kuvu hupenda mpira wa mfuniko na ndani ya mrija. Wekundu mwepesi kama wa waridi, ule unaouona pia kwenye kona za bafu, mara nyingi ni bakteria waitwao Serratia. Ukoko mweupe na mkavu si uchafu wa uhai. Ni chokaa ya maji magumu. Wakazi wa Zanzibar, ambako maji hutoka kwenye mawe ya matumbawe, wanaufahamu kutoka kwenye birika zao. Chokaa haidhuru, ila hufanya ukuta uwe na makwaruzo, na palipo na makwaruzo utando hushika haraka. Hapo ndipo siki au ndimu zina kazi yake ya haki: asidi huyeyusha chokaa, na hupunguza harufu. Kuua wadudu ndani ya utando si fani yake.

Plastiki, chuma, na ile namba ndani ya pembetatu

Geuza chupa utazame kitako chake. Namba 1 ni plastiki iitwayo PET, ya chupa za maji ya dukani. Namba 2 na namba 5 ndizo za madumu na chupa nyingi za watoto. Namba 7 ni mchanganyiko wa "nyinginezo," na humo ndimo ilimo polikaboneti, ile ngumu inayong'aa kama kioo, ambayo hutengenezwa kwa BPA, kemikali inayoshukiwa kuvuruga homoni za mwili. Hofu ya BPA ndiyo iliyofanya Umoja wa Ulaya uipige marufuku kwenye chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011, na Marekani ikaondoa ruhusa yake kwenye chupa hizo mwaka 2012.

Sasa watu wamezichanganya habari mbili. Wanasema chupa ya maji ya dukani ukiirudia inatoa BPA. PET haitengenezwi kwa BPA. Na ile habari ya chupa iliyoachwa kwenye gari juani kwamba inaleta saratani imekuzwa mno: joto huongeza kiasi cha antimoni, kemikali inayotumika kuitengenezea PET, kinachotoka humo kuingia majini, ila kwa joto na muda wa siku za kawaida kiasi hicho hubaki chini ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 20 kwa lita. Kuna hata njia inayotambulika ya kusafisha maji kwa kuyaacha juani ndani ya chupa hizohizo za PET kwa saa 6, maji yakiwa maangavu na jua likiwa kali. Sababu ya mimi kutopenda kuirudia chupa ya dukani ni nyepesi zaidi: shingo yake ni nyembamba, brashi haipiti, na ni laini mno kiasi kwamba inajikunja na kupata mikwaruzo. Maji ya moto nayo haiyawezi. Ikifika nyuzi 70 hivi huanza kunywea kama jani lililopitishwa motoni. Kwa hiyo huwezi kuisugua wala kuichemsha. Safari moja mbili inatosha.

Chuma je? Chupa nyingi nzuri hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Ndiyo maana ya 18/8 unayoikuta imeandikwa kitakoni. Ni kigumu, hakikwaruzwi ovyo, hakishiki harufu ya juisi ya jana. Hizo ni sifa halali. Lakini utando unajijenga juu ya chuma kama unavyojijenga juu ya jino, na jino ni gumu. Ubaya wa chuma ni kwamba huoni ndani. Plastiki angavu itakuaibisha mbele za watu uioshe. Chuma kinakutunzia siri mpaka siku harufu itakapokutangaza. Na mara nyingi harufu yenyewe haitoki kwenye chuma, inatoka kwenye mpira wa mfuniko. Nimeshuhudia chupa ya bei mbaya kabisa, imeoshwa inang'aa, na chini ya mpira wake kuna tope jeusi.

Kuosha kwenyewe

Kila siku: sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, na brashi ndefu ya chupa, ile inayouzwa kwa ajili ya chupa za kunyonyeshea. Sabuni si muuaji mkubwa. Kazi yake ni kulegeza mafuta na ute ili brashi ing'oe. Sugua kitako, sugua mabega ya chupa pale inapokunjia kwenda shingoni, kwa sababu brashi hupaparuka ikapita katikati tu. Sugua mdomo wa nje na mikunjo ya kufungia mfuniko, maana hapo ndipo midomo inapogusa. Toa mpira. Kama una mrija wa ndani, utoe upitishiwe brashi yake ndogo.

Huna brashi? Tia kijiko kikubwa cha mchele mkavu, sabuni na maji ya uvuguvugu nusu chupa, funga, tikisa kwa nguvu mpaka mkono uchoke. Mchele unakwangua bila kukwaruza. Wengi wetu tulikulia kwenye mchanga, na mchanga unatakatisha kweli, ila kwenye plastiki huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na wiki ijayo utando unashika kwa urahisi kuliko mwanzo.

Mara moja kwa wiki, au mtu akiwa ametoka kuugua, tumia klorini. Chukua Jik ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5 hivi, soma lebo. Kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji ya baridi, jaza chupa iliyokwisha kusuguliwa, zamisha mfuniko na mpira wake kwenye bakuli la mchanganyiko huohuo, subiri nusu saa. Mwaga, suuza mara mbili tatu kwa maji safi. Nimesema iliyokwisha kusuguliwa kwa sababu klorini haichagui: ikikuta ute na mabaki ya chakula, inaishia kupigana nayo na haibaki ya kuwafikia bakteria. Wala usiamini kwamba ukizidisha Jik utaokoa muda. Na kwenye chupa ya chuma usiilaze humo usiku kucha, kwa kuwa klorini hula hata hicho kinachoitwa kisichoshika kutu, ikaacha vishimo vidogo.

Halafu kukausha, na hapa ndipo tunapofeli karibu wote. Tunaosha vizuri, tunafunga mfuniko chupa ikiwa bado ina matone, tunaiweka kabatini. Kesho ina harufu ya kitambaa kilicholala na unyevu. Iache wazi, kichwa chini, juu ya kitu kinachopitisha hewa. Si juu ya kitambaa kilicholowa. Kukauka kabisa kwa saa chache huwafanyia bakteria ubaya ambao sabuni haikuufanya. Ukiwa na chupa mbili unazipokezana, moja inatumika nyingine inakauka, umemaliza nusu ya tatizo bila kununua dawa yoyote.

Mfuko wa mgongoni

Hayo yote ni mepesi ukilinganisha na mfuko wa maji wa kubeba mgongoni, ule wenye mrija mrefu unaopita begani hadi mdomoni. Kaskazini mwa Tanzania waongozaji na wapagazi wengi huuita kamelibaki, kwa jina la kampuni ya CamelBak. Kampuni ilianza kwa vituko. Mwaka 1989, kwenye mbio za baiskeli za joto kali huko Wichita Falls, Texas, mhudumu wa gari la wagonjwa aitwaye Michael Eidson alijaza maji kwenye mfuko wa dripu, akauvisha soksi ndefu, akaushonea mgongoni mwa fulana, mrija akaupitisha begani na kuubana kwa kibanio cha nguo. Alichobuni kilikuwa kifaa cha hospitali. Tofauti ni kwamba mfuko wa dripu hutumika mara moja ukatupwa, na huu wa kwetu tunautumia miaka.

Kwenye Kilimanjaro mifuko hii imekuwa mingi kwa kuwa hifadhi hairuhusu kupanda na chupa za plastiki za kutumika mara moja. Kenya nayo ilizipiga marufuku ndani ya hifadhi zake kuanzia tarehe 5 Juni 2020. Uamuzi mzuri kwa mlima. Ila sasa usafi wa chombo umekuwa juu yako. Na pale Moshi mifuko hiyo hukodishwa, kwa hiyo ulionao mgongoni huenda ulishanyonywa na watu kumi kabla yako.

Kaka mmoja anayeongoza wageni alinieleza mambo ya usiku wa kilele. Mnaondoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku, baridi inashuka chini ya sifuri, na maji yaliyobaki ndani ya mrija huganda yakawa kijiti cha barafu. "Ndiyo maana tunawafundisha, mama. Ukishanyonya, puliza, maji yarudi mfukoni, mrija ubaki mtupu." Ni ushauri sahihi kabisa kwa usiku ule. Lakini angalia kinachotokea: kila pumzi inasukuma mate yako kuingia kwenye mfuko, mara hamsini, mia, mpaka kilele. Hakuna atakayeugua kwa usiku mmoja. Mfuko huohuo ukikunjwa na kutiwa begani ukiwa na unyevu, ukakaa mpaka mgeni mwingine aje wiki ijayo, huyo ndiye atakayenywa matokeo.

Aliniuliza pia swali zuri: kule juu maji yanachemka mapema, je yanakuwa yameiva? Kambi ya Barafu iko karibu mita 4,670, na kwa hewa nyembamba ya pale maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100. Yanatosha. Vijidudu vya maradhi hufa kwenye nyuzi 70 na kitu vikikaa humo muda kidogo, na mpaka sufuria ifike kwenye kuchemka umeshapita hapo. Tatizo si sufuria ya mpishi.

Mfuko ni mgumu kuusafisha kwa sababu ileile ambayo kibuyu ni kigumu: mdomo mdogo, tumbo kubwa, mkono haufiki. Wafugaji walikutana na fumbo hili zamani, tena kwa maziwa, ambayo ni mabaya kuliko maji. Wamaasai huchoma kijiti cha oloirien, yaani mzeituni wa porini, na kijinga chake kikiwa na moto hukisokota ndani ya kibuyu, moshi na joto vikapita kila kona, kuta zikakaushwa. Wakalenjin nao wana miti yao ya kazi hiyo. Angalia kanuni iliyomo: kitu kinachofika ndani kikasugua, na ukavu. Hakuna bibi aliyewahi kumimina maji kwenye kibuyu, akatikisa na kusema kimetakata.

Kijinga cha moto usikipeleke kwenye plastiki, lakini kanuni ichukue. Vunja mfuko vipande vyake: mfuko, mrija, na kile kinyonyeo cha mpira mwishoni. Mfuko wenye mdomo mpana upindue ndani nje usugue kwa sponji laini. Usioweza kupinduliwa, tumia brashi ndefu. Mrija ndio wenye kisirani. Kama huna brashi yake, chukua uzi mrefu wa nailoni, funga kipande cha kitambaa kinachobana kidogo, ingiza ncha ya uzi, subiri itokee upande wa pili, kisha vuta kitambaa chenye sabuni kipite mara kadhaa. Kinyonyeo king'oe, kiminye ule mkato wake ufunguke, usugue ndani kwa mswaki wa zamani. Kisha yote yapite kwenye maji ya Jik kwa kipimo kilekile nilichokitaja kwa chupa, na hakikisha mchanganyiko umejaa ndani ya mrija pia, si kwenye mfuko peke yake. Poda za glukosi na chumvi za kurudisha nguvu ziweke kwenye chupa ya pembeni. Mfuko ubaki wa maji matupu. Ukiutia sukari mara moja, mrija utaukumbuka mwezi mzima.

Kukausha: shika mrija ncha moja, uzungushe hewani kama kombeo mpaka matone yaruke. Mfuko nao unapenda kujifunga, kuta mbili zikagusana na kufungia unyevu katikati, kwa hiyo weka kitu cha kuzitenganisha. Yule kaka hutumia mwiko wa ugali, safi na mkavu, akautundika mfuko kwenye msumari juu ya dirisha la jiko.

Na kama huna subira ya kukausha, kuna hila: mwaga maji yote, utie mfuko na mrija wake kwenye friza. Wengine hudhani barafu inaua. Haiui kiasi cha kutegemea. Inawalaza usingizi, na wakipata joto huamka. Ila wakiwa wamelala hawazaliani, na hilo ndilo unalolitaka kati ya safari na safari. Osha kwanza, ndipo ugandishe.

Madoa meusi yakishaingia ndani ya mrija na hayatoki kwa kusugua wala kwa Jik, acha kuhangaika nayo. Mrija na kinyonyeo vya kampuni nyingi huuzwa peke yake, huna haja ya kutupa mfuko mzima. Mwenye pumu au mtoto mdogo asinywe kwenye chombo chenye kuvu hata kama ni madoa mawili matatu. Na chupa ya mtu mmoja iwe ya mtu mmoja. Mafua na homa ya uti wa mgongo husafiri kwa mate bila kujali asubuhi uliosha kwa kitu gani.

Yule mzazi aliyetupa chupa tatu amenunua tatu mpya. Ametuma picha kundini: za chuma, zenye mrija wa ndani, kitufe cha kufungulia, kifuniko cha vumbi na mpira chini ya kila kimoja. Nimehesabu sehemu nne kwa kila chupa ambazo zitahitaji kutolewa na kusuguliwa. Nimemjibu kwa picha ya brashi.